Kibutu, Kipara na Pua ya Badru

Badru Kondo alikuwa mtu wa kinyaa. Si kile kinyaa cha kujishaua, cha watu waliopata juzi wakasahau walikotoka. Chake alizaliwa nacho, kama mtu anavyozaliwa na kengeza. Maji ya kunywa aliyanusa kwanza. Chai ikichemshwa kwenye sufuria iliyopikiwa mchuzi jana, ataijua, ataisukuma kando taratibu bila kusema neno, halafu atasema. Nyumbani kwake Sinza ukuta wa nyuma umepakana na baa, na walevi wa baa ile choo wanacho ila hawakipendi. Badru aliandika ukutani kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA, wakayakojolea maandishi. Basi kila siku akirudi kuswali alfajiri alimwaga pale ndoo ya maji na sabuni ya unga, mdomo ameufumba, maana uvundo ule, alisema, ukishaingia kinywani hauteremki.

Pua hiyo hiyo ndiyo iliyomlisha. Ulikuwa mwaka wa thelathini akifanya biashara ya ngozi mbichi kule Vingunguti. Ananunua ngozi zikiwa bado na joto la ng'ombe, zinakwanguliwa mafuta, zinatiwa chumvi, zinapangwa moja juu ya nyingine ndani ya godauni lake mpaka lori la wanunuzi lije. Ngozi ikiharibika manyoya hunyonyoka, na yakishanyonyoka hiyo si mali tena. Wenzake hujaribu kwa vidole, wanavuta manyoya kuona kama yameshika. Badru havuti. Hupita katikati ya marundo kichwa amekiinamisha kama mtu aliyeangusha sindano, akasimama, akasema, "Ya nne kutoka chini. Itoeni." Wakiitoa wanakuta kweli, kona moja imeanza kuvunda na manyoya bado hayana habari. Talha, aliyefanya naye kazi tangu ujana, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mwogopeni. Ukifanya dhambi Temeke, anaisikia akiwa Sinza."

Sasa mtu huyu, amefika miaka hamsini na tisa, akataka gari la raha.

Watu walicheka. Maisha yake yote alikuwa wa pikapu, na kabla ya pikapu, mkokoteni. Mkewe Farida alimuuliza, "Raha gani, ya kukaa foleni pale Mwenge?" Badru akajibu kuwa naye ni binadamu. Lakini sababu yenyewe hakumwambia mtu, na sababu yenyewe ilikuwa Najat.

Najat alikuwa kitinda mimba wake, mfanyakazi wa ofisi ya bima pale Kijitonyama, na sasa amepata uhamisho wa Dodoma. Wiki mbili zimebaki. Na katika maisha yake yote mtoto huyu hajawahi kukaa kwenye gari pembeni ya baba yake mpaka mwisho wa safari. Alipokuwa shule ya msingi alisema, "Nishushe hapo kwa muuza mkaa, baba, nataka kutembea." Alipofika sekondari akawa anapanda nyuma kwenye bodi, upepo unampiga, anasema ndani kuna joto. Alipoanza kazi, wakawa wanatoka nyumbani saa moja, njia moja, baba kwenye pikapu, binti kwenye bajaji. Badru aliliweka moyoni likamkaa. Na hakumlaumu. Pikapu ile imekunywa damu na chumvi mpaka kwenye nati. Hata mie ningekuwa yeye, alijisemea, nisingepanda. Basi alitaka gari ambalo halijawahi kuona ngozi, amkalishe binti yake kiti cha mbele, waende Bagamoyo wakale samaki, warudi. Mara moja tu kabla hajaondoka.

Alikwenda na Talha kwenye yadi moja ya magari Kinondoni. Akawapokea muuzaji, jina lake Allen, suruali imembana, amejipulizia marashi kama aliyeangukia pipa.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," Badru akasema. "Hapa mnauza magari au marashi?"

"Vyote tunavyo, mzee," Allen akacheka. "Unatafuta gari ya familia?"

"Ya raha."

Allen akasimama wima kama askari. Akawapeleka kwenye magari mawili yaliyowekwa peke yake. La kwanza lilikuwa jekundu, fupi, mlango wa nyuma umeshuka wima kama limekatwa kwa panga, lina matairi mapana na mngurumo wa simba aliyefungiwa stoo. Hii ni ya spoti, akasema, ndogo lakini ina hasira, nyuma wanakaa watu na mizigo. La pili lilikuwa la fedha, viti viwili tu, limelala chini, na paa lake ni la kubonyeza kitufe linajikunja lenyewe, unabaki wewe na mbingu.

Talha aliyazunguka yote mawili mikono nyuma, kama anakagua madume. "Hili limekatwa mkia," akasema. "Kibutu. Na hili limenyolewa. Kipara." Tangu siku hiyo magari yale hayakuwa na majina mengine.

Walianza na Kipara. Allen alikaa pembeni, Badru akaendesha, wakashuka kuelekea Magomeni paa likiwa wazi. Hata dakika tano hazikufika, Badru alijua kuwa hii si raha, hii ni adhabu. Mtu aliye ndani ya gari la kawaida haujui mji, kioo kinamdanganya. Ndani ya Kipara mji wote ulikuja ukamkalia mapajani. Mtaro uliojaa maji meusi ulimtemea pumzi usoni. Bodaboda ilisimama sambamba naye, bomba limeelekea sikioni mwake, dereva akakohoa kutoka chini kabisa, akatema, makohozi yakapita juu ya boneti yakatua ng'ambo. Lori la taka lilikuwa mbele, linadondosha maji ya rangi ambayo Badru hakutaka kuijua, na kila tone alilisikia linavyonuka, hili papai, hili nepi ya mtoto, hili samaki wa juzi. Kunguru akapita juu. Badru akainamisha kichwa.

"Hiki si gari," akasema waliporudi. "Hiki ni beseni. Yeyote anayepita anatupia chake."

Kwenye Kibutu waliingia wote watatu. Badru akafunga vioo, akawasha kiyoyozi, na mji ukanyamaza. Hakuna mtaro, hakuna moshi. Kilichobaki ni harufu ya plastiki mpya na marashi ya Allen, akaona angalau hayo yatashuka yadini. Alikuwa anaanza kutabasamu pale Allen aliposhusha kioo cha upande wake.

"Mbona unafungua? Kiyoyozi si kinafanya kazi?"

"Kinafanya, mzee wangu. Mie ni mtu wa hewa tu. Kifua huwa kinanibana."

"Kinakubana kwa marashi yako."

Talha akacheka. Allen naye akacheka, amechelewa kidogo, na uso ameutoa nje.

Usiku huo huo wakati wa kula Badru aliwaeleza nyumbani. Farida alisikiliza huku akichambua miba ya samaki, akasema chochote watakachoona. Lakini Najat aliacha kula.

"La wazi, baba," akasema. "Chukua la wazi."

"Unajua linavyonuka lile? Sio gari lenyewe, nje. Taka zote za Kinondoni zinakuingia puani."

"Si upepo tu huo, baba. Mie napenda upepo."

"Vijana," Badru akasema, akaona kinyaa hata na neno lenyewe. "Mnapenda kuonekana." Najat akarudi kwenye sahani yake.

Mwenye yadi alimfahamu Badru kwa miaka mingi, akamruhusu achukue gari mwisho wa wiki akalijaribu vizuri, pikapu ibaki pale. Jumapili asubuhi Kibutu kilikuwa uani Sinza, kimeoshwa. Farida akasema gari geni halipandwi hivi hivi. Alileta chetezo, akatia makaa na udi wa vipande, ule wa harusi, akakiweka sakafuni mbele ya kiti, akafunga milango yote. Moshi ulijaa mpaka usukani haukuonekana. Badru alisimama pembeni kifua mbele. Alipofungua mlango harufu ikamtokea, nzito na tamu, akaona hapa sasa hata malkia atapanda.

Najat alipanda. Alikaa mbele. Alifunga mkanda bila kutaja joto wala muuza mkaa, na Badru akatoa gari uani polepole kama amebeba mayai.

Walipofika Mwenge Najat alikuwa anajibu maswali. Walipofika Tegeta alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Baba, naomba tushushe kioo kidogo."

"Vumbi, mama. Subiri tuyapite haya malori. Mbele yetu kuna la kuku, utajuta."

Akaongeza kiyoyozi. Najat aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akafumba macho. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na Badru akadhani ni raha inamlaza usingizi. Pale Boko akasema, "Simama, baba. Simama sasa hivi."

Hakumaliza kufungua mlango. Matapishi mengine yalibaki kwenye kizingiti cha gari, mengine yalikwenda mtaroni, na bado mwili ukawa unataka kutoa ambacho hakipo. Muuza ndizi wa kando ya barabara aliinua beseni lake akahama. Badru alitoka mbio na chupa ya maji, akainama, akamkabidhi leso yake. Najat aliisukuma leso ile kwa haraka, kama mtu aliyeguswa na moto.

"Udi wa mama yako," Badru akasema. "Umezidi."

Najat akatikisa kichwa.

"Basi gari hili limewahi kubeba kitu. Nilimwona yule kijana anafungua kioo. Watanikoma."

"Sio gari, baba."

"Ni nini sasa?"

Najat aliosha mdomo, akatema, akaosha tena. Alikuwa anatazama chini, pale alipochafua. "Ni ngozi," akasema. "Unayo mwilini. Hata ukioga, hata uvae nguo mpya. Tangu nikiwa mdogo, baba. Nimejitahidi leo, Mungu anaona. Nimeshindwa."

Malori yalipita. Badru alibaki ameshika leso ile, hajui airudishe mfukoni au aitupe. Mwishowe akaikunja mara nne. Walirudi Sinza Najat akiwa kiti cha nyuma, vioo vyote vinne chini.

Farida alikuwa anachambua mchele. Badru akasimama mbele yake.

"Farida, mie nanuka?"

"Umeambiwa na nani?"

Hilo lilikuwa jibu tosha, lakini aliendelea kusimama. "Tangu lini?"

"Nilikukuta hivyo hivyo."

"Mbona hukusema hata siku moja?"

"Niseme nini, na ndiyo kazi yako? Nikawa nanunua udi."

Badru alikumbuka asubuhi zote hizo, kanzu na mashati yametandikwa juu ya tenga, moshi unapita chini, Farida anayageuza. "Mie nilidhani mapenzi."

"Hukukosea," Farida akasema, akarudi kwenye mawe ya mchele.

Badru aliingia bafuni akakaa humo mpaka adhuhuri ikampita. Alijisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa jiwe la kisigino, mpaka mikono ikawa myekundu kama kitu kilichochunwa. Kisha akajinusa. Alinusa kiganja, kwapa, mkono wa shati. Hakusikia kitu. Pua iliyoijua ngozi ya nne kutoka chini haikumwambia hata neno moja juu ya mwenyewe. Hapo ndipo kinyaa kilipompata, kinyaa ambacho hajawahi kukipata kwa choo cha mtu wala mtaro. Uvundo wa mwingine unaukimbia. Huu atakwenda nao wapi? Akaanza kukumbuka mengine, yaliyokuwa yamekaa kimya miaka mingi: msikitini, nafasi ya pembeni yake ndiyo inayojazwa mwisho siku zote. Kinyozi anayemnyoa haraka haraka na kumsifu kuwa ana kichwa kizuri. Mkwe wake mtarajiwa, aliyekuja mara moja akaomba wakae barazani. Watu wote hawa walikuwa wanamstahi, na heshima yao sasa ilimnukia vibaya kuliko kitu chochote.

Jumatatu akamvuta Talha kando ya godauni. "Ninuse. Sema kweli."

Talha akamsogelea shingoni, akavuta pumzi ndefu. "Hunuki kitu."

Badru akamwangalia rafiki yake kwa huruma.

Mchana alirudisha Kibutu, amekiosha mwenyewe kizingiti na zulia. Pale yadini aliitafuta pikapu yake pale alipoiacha, haikuwepo. Ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho kabisa wa ua, ukutani, peke yake, na magari mengine yote yameipa mgongo.

"Tuliona kule kuna kivuli, mzee wangu," Allen akasema.

Kule hakukuwa na kivuli. Hakukuwa hata na mti. Badru alimtazama kijana wa watu, marashi yake yakimchoma pua, na akaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini siku ile kifua kilikuwa kinambana. "Ahsante," akamwambia. "Nitolee Kipara."

"Si ulisema ni beseni?"

"Nilisema. Kitoe."

Alimfuata Najat siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya safari. Hakumwambia waende wapi. Alifika mbele ya nyumba na gari lile la fedha, paa limekunjwa, amevaa shati lililotoka dukani asubuhi hiyo, akapiga honi mara moja na kuona aibu. Najat alitoka, mtandio mabegani. Alilitazama gari, akamtazama baba yake, na Badru akautazama usukani.

"Upepo si unaupenda?" akasema.

Najat akaingia.

Njia nzima Badru aliteseka. Jua lilimchoma upara. Pale Mwenge kulikuwa na mtu anakaanga utumbo kwa mafuta ya mwaka jana. Tegeta wanachoma taka za plastiki, moshi mweusi umelala barabarani. Mbele kidogo lori la kunyonya vyoo liliwapita, mpira wake wa nyuma unachuruzika, na tone moja, Badru aliapa baadaye kuwa ni tone moja tu, lilitua kwenye mkono wake. Nyongo ilimpanda mpaka kooni akaimeza. Alitaka kubonyeza kile kitufe. Alikiona, kiko pale, kidogo, kina picha ya paa.

Lakini Najat alikuwa anaongea. Alianza Tegeta na hakuacha. Alimsimulia kuhusu chumba alichopata Dodoma, na mama mwenye nyumba anayekataza wapangaji kupika dagaa, na bosi wake mpya, Flaviana, ambaye anaitisha vikao ili apate watu wa kumsikiliza. Alicheka kwa meno yote. Nusu ya maneno upepo uliyachukua, na nusu iliyobaki Badru aliisikia kupitia kichefuchefu. Hakujua kwamba mtoto wake ni mtu wa maneno mengi hivi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hii ndiyo mara ya kwanza anamsikia.

Walipoipita Bunju mvua ikaanza. Matone makubwa, machache, yaliyopiga viti kama kokoto. Badru akaendelea kuendesha.

"Baba, mvua."

"Itapita."

Haikupita. Ilikuja yote, shati jipya likamganda kifuani, maji yakaanza kutuama miguuni.

"Baba, funga paa tunalowa."

"Tulowe tu, mama. Si maji."

Najat akamgeukia. Alimtazama muda mrefu, maji yakimchuruzika puani, na Badru akakaza macho barabarani kama anayetafuta shimo. "Weka pembeni," Najat akasema. Akaweka pembeni. Najat akaunyoosha mkono mbele ya kifua cha baba yake, akakibonyeza kitufe mwenyewe. Paa lilinyanyuka nyuma yao, likaja juu, likashuka, likabana. Mvua ikabaki nje inagonga.

Ndani kukawa kudogo. Vioo viliziba kwa mvuke. Shati lililolowa, ngozi ya mtu iliyolowa, pumzi mbili. Badru alikaa amebana mikono mbavuni asije akachukua nafasi kubwa. Alimsikia binti yake anavuta pumzi, anaizuia, anaiachia. Kisha Najat akashika ncha ya mtandio, akaukamua, akajifunga puani na mdomoni, akaubana kwa vidole viwili, pale pale mbele ya baba yake, bila kugeukia dirishani.

"Unanuka, baba."

"Najua."

"Unanuka sana."

"Nimeshasikia."

Mabega ya Najat yakaanza kutikisika. Badru akamtupia jicho, amejiandaa kwa kilio au kwa matapishi, akakuta ni kicheko. Yeye hakuweza kucheka. Neno lile lilikuwa bado linamuuma, na tone la lile lori bado alilisikia mkononi ingawa mvua ilikwisha kuliosha.

"Turudi?" akauliza.

"Turudi wapi na njaa hii? Washa waipa, hatuoni mbele."

Akawasha waipa, akaingiza gari barabarani. Najat akaendelea na bosi wake pale alipoachia, mkono mmoja puani, sauti ikitokea nyuma ya kitambaa imefifia, na Badru ikambidi amwambie arudie kila neno mara mbili.